Soma Kalibu, Usisome Boksi

Picha iliyo juu ya boksi la gari la plastiki la kuunganisha imechorwa ili kuuza. Mwaka ulioandikwa pembeni ni mwaka boksi lilipochapwa. Vyote viwili havikuambii unachotaka kujua kabla hujatoa pesa: kalibu ya chuma iliyotoa vipande hivi ilichongwa lini, na nani, na mchongaji alikuwa akitazama gari gani. Seti inayouzwa leo ikiwa imefungwa nailoni inayong'aa inaweza kuwa na umri wa baba yako.

Kwa mtu wa Nairobi, kununua seti mbovu ni hasara ya siku moja. Kwa aliye Pepa, juu ya milima ya Marungu huku Kongo, ni jambo jingine. Boksi lake limevuka bahari, likapokelewa Dar es Salaam, likapanda treni au lori hadi Kigoma, likavuka Ziwa Tanganyika hadi Kalemie au Moba, kisha likatupwa juu ya mizigo ya watu kupandisha Marungu. Hakuna wa kumrudishia. Uchunguzi wote ufanyike kabla, na maswali aulizwe yule aliye karibu na duka, awe kaka yako wa Bruxelles au jirani aliyekwenda Dubai kufunga bidhaa.

Hata hivyo mtu wa Pepa ana mali moja ambayo mkusanyaji wa Tokyo hana. Land Rover ndefu ya miaka ya 1970, ambayo yule wa Tokyo anaijua kwa picha tu, huku bado inabeba mahindi. Usahihi wa gari dogo hupimwa kwa gari kubwa, na gari kubwa liko barabarani. Kwa hiyo ninachoshauri ni hiki: ijue kalibu kabla ya kununua, na ukishanunua amini utepe wa kupimia kuliko karatasi ya maelekezo.

Tuanze na kalibu, kwa sababu ndipo pesa zinapopotelea. Plastiki ya polistairini huyeyushwa, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, ikapoa, ikatoka ikiwa fremu zenye vipande vinavyoning'inia. Kinachokula mtaji ni kuichonga kalibu. Plastiki yenyewe ni bei ya kutupa. Kampuni ikishachonga inataka kuitumia miaka thelathini, arobaini, na ikifilisika, kalibu zake hupata mnunuzi kabla ya meza za ofisi.

Ndivyo zinavyohama. AMT ilianza Marekani mwaka 1948 kwa kuwatengenezea wauza magari vielelezo vya plastiki, na mwaka 1958 ikaingia kwenye seti za kuunganisha. Mwaka 1978 ikanunuliwa na Lesney, Waingereza wale wa Matchbox, baadaye ikaenda kwa Ertl, na leo jina lake liko mikononi mwa Round 2 ya jimbo la Indiana. ESCI ya Italia nayo ilimezwa na Ertl, halafu kalibu zake zikarudi nyumbani Italia kwa Italeri. Airfix ya Uingereza iko chini ya Hornby tangu 2006. Revell na Monogram walikuwa wapinzani hadi mwaka 1986 walipowekwa chini ya paa moja. Mwaka 2018 mmiliki wao, Hobbico wa Marekani, akafilisika, na Revell ikachukuliwa na wawekezaji wa Ujerumani. Kwa hiyo vipande vilevile unaweza kuvikuta ndani ya maboksi manne yenye majina manne, na bei nne.

Ndoa ya Revell na Monogram iliacha mtego ambao unawanasa watu hadi leo. Monogram walikuwa wakitengeneza magari kwa skeli 1/24, yaani vipimo vya gari halisi vikigawanywa kwa 24, Revell wa Marekani kwa 1/25. Sasa yote yanatoka kwenye boksi la Revell, yakapangwa rafu moja. Tofauti ya 24 na 25 inasikika ndogo, lakini weka magari mawili bega kwa bega uone: moja linafanana na mdogo wa mwenzake. Ukitaka msafara wa magari yanayolingana mezani, soma namba ya skeli kabla ya kusoma jina la gari.

Seti ikifika mkononi, usianze na bodi. Geuza chasisi. Mara nyingi upande wa chini kuna jina la kampuni na mwaka vilivyochongwa ndani ya kalibu yenyewe, na ukiona jina la kampuni ambayo haimo kwenye boksi, umeshajua umenunua nini. Wakati mwingine jina limekwanguliwa, kikabaki kibao kitupu kilicho laini kuliko plastiki inayokizunguka. Hiyo nayo ni habari: kalibu imebadilisha mwenyewe, na mwenyewe mpya hakutaka kuulizwa.

Kama seti bado iko dukani Ulaya, omba picha ya fremu, siyo ya boksi. Boksi hubadilika kila toleo. Mpangilio wa vipande kwenye fremu haubadiliki mpaka kalibu ichongwe upya. Tovuti ya Scalemates inaonyesha historia ya seti nyingi, mwaka ilipochongwa na kila mara iliporudiwa. Ukiwa Kalemie na mtandao ukakubali, ipige picha historia hiyo na uihifadhi ndani ya simu kabla hujapanda mlima.

Je, toleo la kurudiwa ni baya? Hapana, na hapa natofautiana na wazee wa kazi hii wanaodhani boksi la kwanza ndilo pekee lenye heshima. Stika za maji za miaka ya 1980 zimekwisha kuwa njano na zikiguswa na maji zinapasuka vipande vipande. Matairi ya vinili ya zamani huvuja mafuta yake polepole na kuila plastiki yanayoigusa. Nimeona vioo vya gari vyenye alama ya tairi iliyozama ndani kama muhuri. Toleo jipya linakuletea stika mpya, vioo safi na matairi ambayo hayajaanza kutafuna. Tena linashusha bei ya lile la zamani. Anayekuuzia boksi la kale kwa bei ya mbuzi wawili mwulize kama kalibu bado ipo. Kama ipo, subiri.

Ubaya unaingia kwa njia nyingine. Kalibu iliyochoka haifungi vizuri, plastiki inapenya kwenye mwungano na kuacha utando mwembamba pembeni ya kila kipande. Utando unakwanguliwa kwa wembe, ni kazi ya jioni moja. Kibaya zaidi ni kalibu iliyobadilishwa. Kampuni za Marekani zilikuwa na desturi ya kuchukua kalibu ya gari la kawaida na kuichonga tena iwe la mashindano: matao ya magurudumu yakapanuliwa, viti vya nyuma vikaondolewa, bampa ikapotea. Chuma kikishachongwa hakirudi. Miaka ishirini baadaye seti inatolewa tena kwa jina la gari la kawaida, nayo ina matao ya gari la mashindano. Siku hizi baadhi ya kampuni huchukua seti nzima ya kale ambayo haijaunganishwa, zikaipiga skani na kuchonga kalibu mpya kabisa. Kazi inatoka safi, bila utando, lakini kosa alilofanya mchongaji wa kwanza nalo limepigwa skani.

Kuna pia vitu vinavyoondolewa kwa sababu ya sheria na leseni. Matangazo ya sigara kama Marlboro na Camel yamefutwa kwenye stika za matoleo mengi mapya, na maandishi ya pembeni ya tairi hupotea mwenye jina la biashara asiporuhusu. Gari la mashindano linabaki na madoa meupe mahali palipokuwa na mdhamini. Ukiwa na mkono mtulivu unachora mwenyewe. Kama huna, tafuta gari ambalo mdhamini wake alikuwa anauza mafuta ya injini.

Sasa kipimo. Chukua Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, ambayo wengi huku tunaiita Coccinelle. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma ni milimita 2,400. Gawanya kwa 24 upate milimita 100 kamili. Kwa 25 ni 96. Hakuna gari rahisi zaidi la kujifunzia: weka rula, kama haisomi 100 au 96, kuna mtu amedanganya. Land Rover ndefu imebeba kipimo chake kwenye jina, inchi 109, yaani milimita 2,769. Kwa 1/24 ni 115 na ushee, kwa 1/35 ni 79. Hiyo ya 1/35 unaikuta kwa Tamiya ya Japani, Land Rover ya makomandoo wa Uingereza iliyopakwa rangi ya waridi ya jangwani, kalibu ya miaka ya 1970 ambayo imerudiwa mpaka leo na bado ina heshima yake.

Usipime kipande kimoja ukaridhika. Umbali wa ekseli ni rahisi kupata kwenye vitabu, na wachongaji hawaukosei sana. Makosa hujificha kwenye kimo cha paa, mlalo wa kioo cha mbele, ukubwa wa matairi na jinsi gari linavyosimama juu ya magurudumu yake. Tairi la 7.50 R 16, ambalo magari mengi ya kazi huku yanavaa, lina kipenyo cha karibu sentimita 80. Kwa 1/24 ni milimita 33. Seti inayokupa tairi la milimita 29 imekupa gari la mjini, hata kama stika zake zimeandikwa safari.

Makosa hayo hayakuja kwa uvivu tu. AMT na wenzake walitakiwa kuwa na vielelezo tayari siku gari jipya linapoingia sokoni, kwa hiyo walichonga kwa kufuata michoro ya kiwanda kabla gari lenyewe halijamalizika. Kiwanda kikibadilisha grili dakika za mwisho, kielelezo kinabaki na grili ya mchoro. Wajapani walikuwa na mzigo wao: seti nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa na mota na betri ndani, na betri haijui skeli. Chasisi ikapanuliwa, sakafu ikapandishwa, bodi ikavutwa ifunike. Skeli ya 1/35 yenyewe ilizaliwa hivyo, Tamiya walipotafuta ukubwa wa kifaru ambacho tumbo lake lingemeza mota na betri. Ukiona gari la Kijapani la zamani lenye tumbo nene na sakafu tambarare isiyo na kitu, umeshajua nani aliketi pale.

Tamiya haohao ndio walioonyesha njia ya pili. Shunsaku Tamiya, alipokuwa anaandaa seti ya Porsche 934 iliyotoka mwaka 1976, alinunua Porsche 911 nzima na kuifumua ili aione ndani. Wengi walidhani ni wazimu. Baada ya hapo jina la kampuni yake lilianza kutajwa kwa pumzi moja na neno usahihi.

Lakini hata ukifumua gari mpaka msumari wa mwisho, kuna mahali skeli inagoma. Milimita 1 kwenye 1/24 ni milimita 24 kwenye gari halisi. Nafasi kati ya mlango na bodi ya gari zima ni milimita 4 au 5. Ikipunguzwa inakuwa 0.2, ambayo ni nyembamba kiasi kwamba rangi ya kwanza inaiziba. Kwa hiyo mchongaji anaipanua makusudi. Kioo cha plastiki chenye unene wa milimita 1 kingekuwa kioo cha sentimita 2.4, kinachofaa benki. Anayelalamika kwamba mistari ya milango ni mipana analalamikia plastiki, hamlalamikii mchongaji. Mimi nasamehe mistari. Paa lililobanwa silisamehe, kwa sababu jicho huanza na paa hata kabla hujajua umeliangalia.

Renault 4 inastahili maneno yake. Ni gari ambalo Wakenya waliliita Renault Roho, na Kongo lilienda kila mahali. Kuna Heller ya Ufaransa waliolitengeneza, na Ebbro ya Japani waliochonga upya baadaye. Mjenzi mgeni akipima seti nzuri ya gari hili atakuta upande mmoja, kutoka gurudumu hadi gurudumu, umezidi mwingine kwa milimita 2, naye atachukua msasa arekebishe. Aache! Gari halisi ndivyo lilivyo. Springi za nyuma ni fito mbili za chuma zilizolazwa kukatisha chini ya gari, moja nyuma ya nyingine, kwa hiyo gurudumu moja limekaa nyuma ya mwenzake kwa karibu sentimita 5. Seti ambayo pande zake zinalingana ndiyo iliyokosea. Ukiipata Renault 4 yenyewe imeegeshwa, pima ujionee ni upande upi mrefu.

Kupima kuna adabu yake. Gari la kazi lina mwenyewe, na shofa ndiye anayelijua. Msalimie kwanza: «Jambo papa. Naomba ruhusa nipime gari yako kidogo, nataka kutengeneza mfano wake.» Wengi watacheka, kisha watakusaidia kushika upande wa pili wa utepe. Sikiliza wanachokuambia wakati wa kupima, maana hakimo kwenye kitabu chochote: boneti hii ilitoka kwenye gari lililoangukia mtoni, injini hii ni ya Toyota, springi za nyuma zimeongezwa majani mawili kwa sababu ya mizigo. Chukua urefu wa bampa kwa bampa, upana, kimo cha paa kutoka ardhini, kimo cha kizingiti cha mlango, kipenyo cha tairi. Andika gari likiwa tupu au limebeba, kwa sababu kimo chake si kimoja.

Gari la jeshi, la polisi au la mashirika usilipime wala usilipige picha bila ruhusa ya mkubwa wao. Huku mashariki, simu iliyoelekezwa kwenye pikapu ya wanajeshi inaweza kukugharimu zaidi ya simu.

Picha nazo zinadanganya. Ukipiga gari ukiwa umelikaribia, pua inavimba na nyuma inanywea. Watu wengi hushika gari dogo sentimita 30 kutoka kwenye simu, halafu wakalinganisha na picha ya gari kubwa waliyoipiga kutoka hatua mbili. Sentimita 30 kwa 1/24 ni mita 7.2. Rudi nyuma hatua kama tisa kutoka kwenye gari halisi, shusha simu hadi usawa wa taa, piga. Kisha piga gari dogo kutoka sentimita 30 kwa usawa uleule. Sasa picha mbili zinaweza kusemezana. Mlalo wa kioo na mteremko wa paa utauona bila kuambiwa.

Utauliza uanze na gari gani. Kama unataka gari lenye historia ya ukanda wetu, tafuta la Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yake ni ya watu tunaowajua kwa majina. Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo, na 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, ya kwanza 1973 ndani ya Datsun 240Z.

Datsun 240Z unaipata kwa kampuni ya Hasegawa, skeli 1/24, ila ni ile ya mwaka 1971 ya Edgar Herrmann na Hans Schüller, namba 11, nyekundu yenye boneti nyeusi. Ekseli kwa ekseli inapaswa kusoma milimita 96. Usidhani unaweza kubadilisha namba tu ukapata gari la Mehta. Magari ya timu yalibadilishwa kati ya mwaka na mwaka, taa na matao yakiwa ya kwanza kubadilishwa, kwa hiyo tafuta picha za 1973 kwanza. Gari la 1971 lenyewe lipo hadi leo, Nissan walilikarabati mwaka 2013, na picha zake mpya ni nzuri mno kwa kuangalia vipimo. Kwa rangi na mikwaruzo rudi kwenye picha za 1971. Gari lililokarabatiwa halikumbuki matope.

Chaguo jingine ni Toyota Celica ya kampuni ya Beemax, toleo la Safari ya 1985 ambayo Juha Kankkunen alishinda. Hiyo ni kalibu ya muongo uliopita, haina utando wala tumbo la betri, na kwa maoni yangu ni mwanzo mzuri kuliko seti yoyote ya kale ya bei nusu. Seti nyingi za Kijapani hazina injini, boneti haifunguki. Usilihesabu hilo kuwa kasoro kama lengo lako ni umbo la nje.

Jambo moja huwakuta watu wa Kongo. Sisi tunaendesha upande wa kulia, lakini magari mengi yaliyopitia Dar es Salaam yana usukani wa kulia pia. Ukitaka gari lililo mbele ya nyumba yako, angalia kama seti ina dashibodi mbili. Nyingi za Tamiya na Hasegawa zinazo. Nyingi za Kimarekani hazina, na kuhamisha usukani kwa mkono ni kazi ya kuchosha isiyoonekana mwishoni.

Aliye dukani mwandikie kwa maneno mafupi asiyoweza kuyakosea. Mfano: «Tonton, jambo. Naomba Datsun 240Z ya Hasegawa, Safari Rally 1971, skeli 1/24. Kabla ya kulipa nitumie picha ya fremu na ya stika. Ukishaipata, fungua boksi, jaza karatasi laini ndani ya bodi ili nguzo za kioo zisivunjike, kisha funga vioo peke yake ndani ya kitambaa.» Usimwombe gundi wala rangi ya kupuliza. Vinawaka moto, ndege haivibebi, na mzigo mzima unaweza kubaki uwanjani kwa sababu ya kopo moja.

Kwa hiyo gundi na rangi vitatoka hapa. Rangi ya kupuliza ya mafundi bodi wa Kalemie au Lubumbashi inafaa, ila tina yake ni kali na inaweza kuivimbisha polistairini. Jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu, uache usiku mzima. Kikiwa kimekunjamana, tanguliza praima, upulize kwa mbali na kwa tabaka nyembamba. Kabla ya yote osha vipande kwa maji na sabuni, kwa sababu vinatoka kiwandani na mafuta ya kalibu. Usivioshe kwa petroli, itavila. Mashimo na mabonde yajaze kwa mastiki ya magari, kidogo kidogo. Bodi iliyopinda safarini itumbukize kwenye maji moto, siyo yanayochemka, uinyooshe kwa vidole na kuipoza. Vioo vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Superglu huacha ukungu mweupe ambao hautoki. Pepa ni baridi, rangi hukauka polepole kuliko kando ya ziwa, basi usishike mpaka harufu iishe.

Rafu ya juu ya gari, chuma cha kulinda taa na antena ndefu ya redio havitakuwa kwenye boksi, na hapo watoto wa Pepa wanaotengeneza magari ya waya wanatuzidi. Waya wa shaba uliovuliwa kwenye kebo unakunjika vizuri kwa rafu. Antena inatokana na fremu: ipashe moto juu ya mshumaa hadi ilegee, ivute pande mbili kwa mwendo mmoja, upate uzi mwembamba ulionyooka.

Vumbi liwe la mwisho. Kishawishi ni kuchota udongo mwekundu wa barabarani na kuupaka. Udongo ni halisi lakini chembe zake si za skeli; punje ya nusu milimita inakuwa jiwe la sentimita 1.2. Usage kwenye kinu, uchuje kwa soksi ya nailoni, uchuje tena, ubaki na unga usiokwaruza unapousugua kati ya vidole. Changanya na chaki ya shuleni iliyosagwa ili kupunguza wekundu. Paka kwa brashi kavu, mwingi nyuma ya magurudumu na kwenye mlango wa nyuma, kidogo kwenye boneti, na acha nusu duara safi pale wiper inapopita. Kisha puliza vanishi isiyong'aa, mara moja, nyembamba. Ikizidi, unga unalowa na kuwa mweusi, nawe utalazimika kuosha bodi yote na kuanza upya.